Uzi: Jahazi la urithi laendeshwa na nani hasa? Kamati, nahodha au mwenye pesa?

#1 MwanaTudor (mwanzisha uzi)
Assalaam aleikum wakuu. Nataka majibu ya watu waliowahi kushika kamba, si waliowahi kupiga picha Bandari ya Kale wakaondoka.

Kuna jahazi la mbao limelala huku horini Tudor, Mombasa. Mwenyewe ametangulia mbele za haki, wanawe hawalitaki, na wazee kadhaa wa Mji wa Kale wamekubaliana tulichukue, tulitengeneze, lifundishe vijana kutweka tanga na litembeze watoto wa shule. Shirika la hisani, hakuna faida. Mimi nimeitwa niwe katibu kwa sababu nina kompyuta.

Nikaletewa orodha ya viongozi niichape. Mlezi. Mwenyekiti. Makamu mwenyekiti. Mshauri mkuu. Msaidizi wa mshauri mkuu. Mweka hazina. Mjumbe wa mawasiliano. Nahodha hayumo. Fundi hayumo. Nilipouliza nikaambiwa hao "wataajiriwa baadaye".

Dai langu ni hili: majahazi ya urithi hayafi kwa mbao kuoza, yanafa kwa sababu ya watu wanaoyaendesha. Nipingeni.

#2 PwaniHalisi
Kukupinga ni rahisi. Ni pesa. Umeuliza bei ya mbao za mbambakofi? Serikali iliposimamisha ukataji miti katika misitu yake Februari 2018, fundi akitafuta gogo refu la mkuku, ule uti wa chini wa chombo, alizungushwa mpaka akachoka. Mtalipia mbao kwa vyeo?

#3 BintiKibokoni
Huyo msaidizi wa mshauri mkuu ni ami yangu, namjua hata bila ya kutajiwa jina 😂

#4 SerahangiMstaafu
Wanangu, hamjambo. Nawapa mpango ulivyokuwa, kisha mtajipimia wenyewe.

Chombo kilikuwa na mwenyewe, tajiri. Yeye haendi safari, hukaa dukani kwake Kuze akangoja. Nahodha ndiye mwenye amri baharini na ndiye mwenye kusema na wafanyabiashara bandarini. Chini yake serahangi, yaani mkuu wa mabaharia, kisha wanasukani, mabaharia, mpishi, na kijana wa kufua maji ngamani, chini tumboni mwa chombo. Chombo kikirudi huhesabiwa nauli yote, hutolewa chakula, ushuru na kamba zilizonunuliwa, na kinachobaki hukatwa pande mbili: fungu la chombo na fungu la watu. Katika fungu la watu, baharia apata lake moja, serahangi zaidi, nahodha zaidi tena. Hakuna mshahara. Safari ikiwa mbovu, sote tumekula hasara.

Kwa hivyo kila mtu aliangalia jarari, kamba ya kutwekea tanga, kana kwamba ni yake. Ikikatika, fungu lako ndilo lililokatika. Sasa nyinyi mwaniambia chombo ni cha "jamii", nauli hakuna, fungu hakuna. Saa tisa za usiku maji yajaa, upepo umegeuka, nani atatoka kitandani ende akaangalie nanga? Vijana si wavivu. Ni kuwa hawana pa kukaa katika hisabu yenu.

#5 PwaniHalisi
Mzee shikamoo. Lakini hiyo si bado ni pesa? Umeipitisha mlango wa nyuma tu.

#6 SerahangiMstaafu
Marahaba. Tajiri wangu alikuwa na pesa kidogo kuliko mfadhili yeyote wa leo, na chombo chake hakikulala na maji ngamani hata usiku mmoja. Hilo nieleze wewe.

#7 LikoniFeri
Twendeni mbele kidogo. Uingereza mbona wanaweza? Cutty Sark, ile meli ya tanga ya zamani kule London, imejaa watalii kila siku, tiketi zinauzwa, duka la zawadi lipo. Na hiyo ilichomwa makusudi 2007 na bado wakaisimamisha tena. Sisi tumekalia "zamani, zamani".

#8 MsomaKumbukumbu
@LikoniFeri haikuchomwa makusudi. Ilikuwa katika ukarabati Mei 2007, na uchunguzi ulisema chanzo kinachoelekea zaidi ni mashine ya kufyonza vumbi iliyoachwa ikiwaka wikendi nzima. Bahati yao milingoti na mbao nyingi zilikuwa zimeshang'olewa na kuhifadhiwa mbali. Ikafunguliwa tena 2012.

Ila kisa chake kinamhusu MwanaTudor zaidi kuliko unavyodhani. Meli ile ilijengwa 1869 kubeba chai kutoka China. Baadaye ikauzwa kwa Wareno, ikachakaa. Mwaka 1922 nahodha mmoja, Wilfred Dowman, akainunua kwa pesa zake mwenyewe, kwa sababu aliiona ikipita baharini alipokuwa kijana na haikumtoka moyoni. Alipofariki, mjane wake Catharine akaitoa 1938 kwa chuo cha mabaharia, na akatoa pesa za matunzo juu yake. Shirika la kuihifadhi lilikuja miaka ya 1950, na tangu 1954 imekaa gati kavu, lisilo na maji, pale Greenwich.

Kwa hivyo miaka yote ya hatari, meli ilishikwa na mume na mke wenye wazimu wao. Kamati ilikuta kitu kipo. Nyinyi mnaanza na kamati. Mwenye wazimu ni nani hapo?

#9 BintiKibokoni
Wazimu tunao wa kutosha, hatuna gati kavu.

#10 MkaziWaMajengo
Hata hao Waingereza wasitutie wivu. Shirika la Jubilee Sailing Trust lilikuwa na meli mbili za tanga, Lord Nelson na Tenacious, zenye nafasi ya watu wa viti vya magurudumu kufanya kazi pamoja na wasio na ulemavu. Mwaka 2019 liliomba umma pauni milioni 1 likazipata kwa siku chache tu. Desemba 2023 likafunga milango. Watu walilipenda, pesa zilikuja, na bado likafa. Sasa @PwaniHalisi, hapo utasema ni pesa?

#11 PwaniHalisi
Nitasema ni pesa tena, kwa herufi kubwa. Milioni moja ya dharura si pesa ya kila mwezi.

#12 MsomaKumbukumbu
Na hizo si meli za urithi. Tenacious ilizinduliwa 2000, Lord Nelson 1985. Tusichanganye mafaili.

#13 MkaziWaMajengo
Jahazi likijengwa leo Matondoni, Lamu, kwa shoka na tezo kama alivyojenga babu, si urithi kwa sababu mbao ni mpya? Mtepe, kile chombo cha kale cha mbao za kushonwa kwa kamba, ukishonwa upya? Umri wa mbao mwaujali sana kuliko mikono iliyozipasua.

#14 BiMwekaHazina
Habari za jioni. Nimekuwa mweka hazina wa kikundi kimoja cha chombo hapa hapa kisiwani, sikitaji. Naongea yale yaliyo kwenye vitabu vyangu.

Tulipata mfadhili. Mtu mzuri, wala simlaumu. Akasema atanunua tanga jipya. Tukaomba nusu ya pesa iwe ya mlinzi wa usiku na ya kununua pampu ya kutolea maji, akasema hapana, pesa zake ni za tanga, apigwe picha nalo likijaa upepo. Tanga likaja, zuri mno, likapigwa picha. Halafu likakunjwa likawekwa chini, kwa sababu chombo kilikuwa hakina leseni ya kubeba watu. Panya wakakaa ndani yake. Tulipolitweka mara ya pili lilikuwa wavu. Katika vitabu vyangu pesa zile zilitumika sawasawa, senti kwa senti, na ripoti yetu ilisifiwa.

Wafadhili hutoa kwa kinachoonekana. Deheni, ule mpako wa shahamu na chokaa, iko chini ya maji, kalafati ya kuzibia nyufa iko baina ya mbao, mlinzi yuko gizani, na hivyo vitatu ndivyo vinavyozuia chombo kuzama. Mwenyekiti wa maana ni yule anayeweza kuomba pesa za mlinzi bila ya kuona haya. Sijapata kumuona.

Na kuhusu nahodha kuwa kwenye bodi, mimi napinga. Kwenye mashirika ya hisani ya Uingereza mdhamini kwa kawaida halipwi, na sababu ipo: huwezi kukaa meza moja ukajipangia mshahara. Nahodha alipwe vizuri, asikilizwe, lakini kura asipewe.

#15 SerahangiMstaafu
Bi, heshima yako. Kwa hivyo yule ajuaye kuwa mlingoti una ufa hana kura, na yule aogopaye kupanda ngazi anayo?

#16 BiMwekaHazina
Babangu, yule ajuaye ufa aandike barua, nami nitaihifadhi kwenye faili, na mlingoti ukianguka tutajua nani aliipuuza.

#17 SerahangiMstaafu
Ukianguka tutajua bila ya faili.

#18 WakiliWaMvita
Nyote mnaruka hatua ya kwanza, nayo ni usajili. Kwa ufupi, maana hii huwachosha watu: mkijisajili kama shirika la manufaa ya umma mtaangukia sheria ya 2013, iliyoanza kutumika Mei 2024 na kuchukua nafasi ya ile ya NGO ya 1990. Mkitaka kidogo kidogo, kuna kikundi cha jamii chini ya sheria ya 2022. Kuna pia njia ya wadhamini. Kila mlango una hesabu zake za mwaka.

Na la pili, mkibeba watoto wa shule hamko tena kwenye utamaduni, mko kwenye abiria. KMA, mamlaka ya bahari ya Kenya, watataka chombo kikaguliwe, maboya ya kujiokolea, na mtu mwenye cheti kwenye usukani. Hapo ndipo vikundi vingi hukwama, kwa sababu nahodha mwenye ujuzi wa miaka arubaini hana karatasi, na mwenye karatasi hajui foromali, ule mti unaobeba tanga, ni nini.

#19 LikoniFeri
Na injini je? Jahazi la urithi litiwe injini?

#20 SerahangiMstaafu
Litiwe. Mlango wa Kilindini na meli zile za makontena, upepo ukikatika wataka kusimama katikati ya njia ukiimba?

#21 MkaziWaMajengo
Hapana kabisa! Ukitia injini, baada ya mwaka mmoja hakuna atakayetweka tanga. Tazameni majahazi yote ya mizigo yanayoingia Bandari ya Kale. Tanga limekuwa kivuli cha mpishi.

#22 ShafiiWaMakadara
Mimi nina njia nyingine na nashangaa haijatajwa. Lifanyeni wakfu. Mtu akiweka wakfu, mali haiuzwi, hairithiwi, na msimamizi wake, mutawalli, ajulikana mbele ya Mungu na ya watu. Misikiti na makaburi ya mji huu yametunzwa hivyo kabla hayajaja mashirika. Kwa madhehebu yetu ya Shafii kitu cha kuhamishika chaweza kuwekwa wakfu, maadamu kinatumika na chenyewe kinabaki.

#23 BintiKibokoni
"Na chenyewe kinabaki." Jahazi? Kwenye maji ya Tudor yenye wale wadudu wanaotoboa mbao? Shehe wangu 😅

#24 ShafiiWaMakadara
Dada yangu, cheka ukimaliza soma tena. Si lazima jahazi lenyewe ndilo liwe wakfu. Nyumba mbili za kupangisha Kibokoni ziwe wakfu kwa ajili ya jahazi. Kodi ya nyumba ilipe mlinzi, ilipe deheni, ilipe kalafati. Jahazi likioza baada ya miaka mingi, kodi inajenga jengine. Hapo mzee Serahangi amepata tajiri wake wa dukani, Bi amepata pesa za mlinzi, na hakuna wa kupiga picha.

#25 PwaniHalisi
Nyumba mbili Kibokoni! Nani atakupa? Warithi wenyewe wako mahakama ya kadhi wakigombea choo.

#26 WakiliWaMvita
Wazo si baya, lakini nyaraka za nyumba nyingi za Mji wa Kale ni kisa kirefu. Sifungui hapa.

#27 KijanaWaFlipflopi
Mbona hakuna aliyetaja Flipflopi? Jahazi la plastiki na ndara kuukuu, limejulikana dunia nzima, limejengwa hapa Mombasa, wana wafadhili tele.

#28 MwanaAmuHapaMvita
Hapa Mombasa?! Astaghfirullah. Limejengwa Lamu, na fundi wake ni Ali Skanda, mtoto wa kisiwani, kutoka ukoo wa mafundi wa vyombo. Lilizinduliwa 2018, na mwanzoni mwa 2019 likaenda Lamu mpaka Zanzibar. Tani kumi hivi za taka za plastiki. Baadaye wakaingia na Ziwa Viktoria 2021. Mwatunyang'anya samaki, sasa mwataka na majahazi.

#29 KijanaWaFlipflopi
Lamu, Mombasa, Pwani ni moja bwana. Hoja yangu iko pale pale.

#30 MwanaAmuHapaMvita
Hoja yako ipo, nami nitakusaidia uielewe. Wale hawakusema "tusaidieni tusipoteze jahazi". Walisema "tusaidieni kupambana na taka", na jahazi likawa la kupelekea habari. Kila anayetoa pesa anajua ananunua nini. Kikundi cha MwanaTudor kinataka watu walipie jahazi lililopo kwa sababu lipo. Mvita mwapenda kuanza na orodha ya viongozi. Kwetu tunaanza na mashindano, chombo kikishinda, watu wenyewe wanakuja kuuliza kinahitaji nini.

#31 LikoniFeri
Na kikishindwa?

#32 MwanaAmuHapaMvita
Nahodha anahamia Mombasa.

#33 MsomaKumbukumbu
😂 Ngoja nirudishe uzi njiani. Swali ambalo halijaulizwa: kwa nini liwe majini? Frigeti (meli ya kivita) ya Wareno, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya Ngome ya Yesu 1697, Waomani walipokuwa wameizingira ngome. Ikachimbuliwa chini ya maji 1977 hadi 1980, vitu vyake viko makumbusho pale ngomeni, watu wanaviona. Na watu wa Sur, Oman, walilirudisha jahazi lao aina ya ghanja, Fath al-Khayr, kutoka Yemen, wakaliweka nchi kavu kama ukumbusho. Halihitaji nahodha, leseni wala bima ya abiria. Mlinzi na rangi, basi.

#34 FundiWaMtwapa
Nchi kavu? Wewe hujawahi kuona mbao zikikauka. Chombo kilichozoea maji ukikiweka juani, mbao zinaachana, kalafati inadondoka, na ukikirudisha baharini kinakunywa kama mfungo umeisha. Chombo cha nchi kavu kinataka paa na matunzo kila siku.

Na msidhani jengo ni usalama. Ule mtepe wa mfano ulikuwa ndani ya Beit al-Ajaib, Zanzibar. Desemba 2020 sehemu ya jengo ikaporomoka. Jengo lenyewe lilikuwa la urithi wa dunia.

Mimi nasema sababu ni mafundi. Jahazi lataka fundi anayelijua hili, si fundi yeyote. Aliyetia taruma (ubavu wa chombo) ya mkomafi upande wa kushoto anajua ni wapi aliunga na ni wapi alibahatisha. Akifa, kila ukarabati ni kupasua tumbo la mtu usiyemjua. Vikundi vinaandika katiba kurasa ishirini na haviandiki jina la fundi wala alichokifanya mwaka jana.

#35 BiMwekaHazina
Hilo la kuandika kazi ya fundi nimelipenda. Kwetu risiti ilisema "matengenezo". Matengenezo ya nini, Mungu ndiye ajuaye.

#36 MamaWaWanabandari
Na mimi niongeze la vijana. Mwanangu alijitolea kwenye chombo kama hicho. Alienda kwa furaha. Alichopewa ni brashi, akakwaruza rangi likizo nzima, hakufunzwa hata fundo moja, kwa sababu wazee walikuwa wakibishana kivulini nani afunze. Sasa anasomea mambo ya meli kubwa, anataka cheti cha kuendea ng'ambo. Namuelewa. Mnalia hamna warithi, na warithi mmewapa brashi.

#37 SerahangiMstaafu
Mama, sisi nasi tulianza kwa kukwaruza. Mimi nilikwaruza misimu.

#38 MamaWaWanabandari
Baba, ulikwaruza ukijua kaskazi ikiingia utaenda. Yeye chombo hakikuenda popote.

#39 SerahangiMstaafu
Hapo umenishika.

#40 MwanaTudor
Ahsanteni nyote. Jana tulikaa kikao. Nilipeleka mambo matatu kutoka hapa: pesa za mlinzi ziwe za kwanza kwenye bajeti, kazi ya fundi iandikwe, na nahodha awe na sauti.

La mlinzi lilipita. La fundi lilipita, kisha wakabishana saa nzima daftari likae kwa nani. La nahodha likavuruga kikao. Tulikuwa tumemualika mzee mmoja wa Mtongwe, mtu wa chombo haswa. Mwenyekiti akasema nahodha atahitaji idhini ya kamati kila anapokitoa chombo. Mzee akauliza, idhini ikija na upepo umeshaondoka? Akaambiwa atume ujumbe kwenye kundi la WhatsApp. Akavaa kofia yake akaaga, wala hakugomba.

Sasa tumegawanyika. Kuna wanaotaka tumrudie, kuna wanaosema taratibu ni taratibu. Mimi binafsi namtaka yule mzee kuliko nusu ya orodha niliyoichapa. Lakini Bi MwekaHazina naye sijamuona akisema uongo.

#41 WakiliWaMvita
Tenganisheni mambo mawili kwenye katiba. Chombo kikiwa majini, amri ni ya nahodha, mwisho. Kikiwa kimefungwa, amri ni ya kamati. Iandikeni hivyo hivyo.

#42 FundiWaMtwapa
Na kikiwa kimepandishwa ufukoni?

#43 WakiliWaMvita
...

#44 FundiWaMtwapa
Hapo amri ni yangu 😂

#45 MwanaTudor
Kuhusu kupandisha, tunataka kutumia bamvua ijayo, maji yakijaa sana tulisogeze juu, yakitoka tukwaruze na kutia deheni kabla ya kusi kuchafuka. Shahamu siku hizi mwapata wapi?

#46 BintiKibokoni
Kongowea kwa wachinjaji, lakini wende asubuhi, na uwaambie mapema wasiitupe.

#47 FundiWaMtwapa
Na chokaa iwe ile iliyochomwa kwa matumbawe. Ya gunia ya dukani haishiki.

#48 LikoniFeri
Inashika. Huku ng'ambo tunatumia ya gunia na vyombo vinatembea.

#49 FundiWaMtwapa
Vyombo vyenu vyote fibaglasi, ndugu yangu. Hiyo chokaa mwaipaka wapi?

#50 LikoniFeri
Njoo Likoni nikuoneshe mashua ya mjomba. Nauli ya feri ni bure kwa mwenye miguu, huna kisingizio.